Glovu moja vitanda vinne! Wauguzi hapa Kigoma, mnatuua

Wakuu, nina hasira na sitaficha. Siku nne nimemuuguza mama yangu mzazi kwenye hospitali moja hapa mjini. Tulimtoa Ujiji usiku, malaria kali, hajitambui.

Asubuhi ya pili sista kaingia wodini, glovu mkononi tangu mlangoni. Kitanda cha kwanza akafungua bandeji ya kidonda cha mguu, usaha unaonekana. Hakuvua. Akashika mafaili, akapokea simu, akapita cha pili, cha tatu, akafika kwa mama na kufungua kizibo cha kanula, ule mrija mdogo wa dawa unaoingizwa kwenye mshipa, kwa vidole vilevile. Nikamwambia, "Samahani sista, hizo glovu umetoka nazo kwenye kidonda kule." Akanijibu, "Kwani huoni nimevaa?"

Amevaa kwa ajili ya nani? Glovu ni za mgonjwa mmoja. Unavua, unanawa, ndipo uende kwa mwingine, na kunawa hakuondolewi na glovu maana nazo hutoboka. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo wa nyakati tano za kusafisha mikono tangu 2009, na ya kwanza kabisa ni kabla ya kumgusa mgonjwa. Msije hapa na habari za maji kukatika. Chupa ya kitakasa mikono ilikuwa inaning'inia miguuni pa kitanda, imejaa. Sekunde 20 hadi 30 tu, basi!

Siku ya tatu mkono wa mama umevimba pale penye kanula, unachoma ukiugusa, plasta imelowa. Nimesema asubuhi, kanula imetolewa usiku.

Na jina hawamuulizi. "Kitanda cha nne, sindano!" Kabla ya mama kitanda hicho alilala binti mwembamba. Mama ana kilo 80, na sindano ya malaria kali hupimwa kwa uzito. Wakichanganya faili je?

Najua ni wachache, usiku sista mmoja wodi nzima. Lakini mdogo wangu ni muuguzi Kasulu, zamu ni hizohizo, na vidole vyake vimepasuka kwa kunawa. Kwa hiyo inawezekana.

Kesho naenda kwa muuguzi kiongozi na picha ya mkono wa mama. Aliyewahi kufikisha malalamiko Baraza la Uuguzi na Ukunga aniambie alianzia wapi na alitakiwa apeleke nini.