Pini za waya, vigingi vya mti au mawe: nini kinashika kifuniko cha bustani na nyasi?

Mama Stroberi, Lanet
Hamjambo wakulima wenzangu. Nina vitalu vinne vya stroberi, kila kimoja upana mita 1 na urefu mita 10. Nimevitandika kile kitambaa cheusi kilichofumwa cha kuzuia magugu. Juzi upepo wa saa tisa alasiri uliingia chini ya kitambaa cha kitalu cha kwanza, kikavimba kama tanga, na kabla sijafika kilikuwa kimeng'oa miche kumi na miwili. Nilikuwa nimekiwekea mawe. Lakini mnajua mawe ya huku kwetu Nakuru, yale ya volkano yenye vitundu. Unaokota jiwe kubwa kama mkate, na uzito wake ni wa mkate kweli.

Sasa nachagua kati ya pini za chuma za umbo la U, vigingi vya mti, au kufukia kingo. Tena mbele ya nyumba nina mteremko ninaotaka kuweka nyasi kabla ya mvua ya masika. Aliyetumia aniambie kilichomtokea shambani kwake.

Mkulima wa Njoro
Pole sana dada. Kuhusu pini, urefu ndio wa kuangalia kwanza. Zinazouzwa sana ni za sentimita 15, na udongo wetu wa majivu ya volkano hauzishiki. Mimi nilizipigilia zikaingia kwa kidole gumba tu, nikafurahi. Kumbe kinachoingia kwa kidole hutoka kwa kidole. Kiangazi kilipokausha udongo ukawa kama unga, zikawa zinachomoka zenyewe kitambaa kikitikisika.

Nilibadilisha nikaweka za sentimita 25, nikazipigilia zikiwa zimelala kidogo badala ya kusimama wima, kichwa kikielekea nje ya kitalu na ncha zikiingia chini ya kitambaa. Kitambaa kikivuta kuja ndani, kinazidi kuzizamisha. Kingo weka kila nusu mita. Upande unaopokea upepo weka kila sentimita 30. Vipande viwili vikikutana, vilaliane kwa sentimita 15 na pini ipite kwenye vyote viwili.

Fundi Kibuye, Kisumu
Hizi pini ninazitengeneza mwenyewe, kwa hivyo niseme habari ya waya, maana hapo watu wengi hupoteza pesa.

Usinunue waya mwembamba wa kufungia nondo. Ukipiga nyundo unajikunja kama tambi. Waya wa geji 11, unene wa milimita 3 hivi, unatosha udongo laini usio na mawe. Geji 8, milimita 4, ndio ninaoupenda, kwa sababu hauogopi changarawe. Ule wa fensi ya stima uache, ni mgumu, ukiukunja unarudi.

Hesabu ni hii. Pini ya milimita 3 yenye miguu ya sentimita 15 na mgongo wa sentimita 2.5 ina uzito wa gramu 18 hivi, kwa hivyo kilo moja inatoa kama 55. Ya milimita 4 yenye miguu ya sentimita 20 ni gramu 42, kilo inatoa 23. Mama Stroberi, kitalu chako kimoja kina mzunguko wa mita 22, yaani pini 44 kwa nafasi ya nusu mita. Vinne ni 176. Kwa geji 8 hiyo ni karibu kilo 8 za waya. Uliza bei ya kilo dukani, uilinganishe na bei ya pini zilizokunjwa tayari, utajua kama kujitengenezea kuna faida.

Kukunja si kazi. Chukua ubao, pigilia misumari miwili minene ikiachana sentimita 2.5, pitisha waya, vuta pande zote mbili. Kata ncha kwa mshazari ili ziwe kali. Na ukienda dukani usiseme "misumari ya U" peke yake, utapewa ile mifupi ya kushikilia waya wa fensi kwenye nguzo.

Nyakwar Kano, Ahero
Ndugu zangu wa Nakuru mnalia udongo haushiki. Huku kwetu udongo mweusi wa mfinyanzi unashika mpaka unakataa, kisha unabadilisha nia. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Nilifunika kitalu cha nyanya kwa plastiki na pini fupi. Mvua ikaja, jua likaja, na kila badiliko linazisukuma juu kidogo. Baada ya mwezi vichwa vya pini vilikuwa vimeinuka upana wa vidole viwili, na mpira wa kumwagilia kwa matone umekaa upande.

Sasa ninafanya hivi: nachimba mfereji mdogo wenye kina cha sentimita 15 kandokando ya kitalu, nalaza ukingo wa plastiki ndani, nafukia na kukanyaga. Pini ninazitumia kwenye ncha mbili za kitalu, na kushikilia mipira ya matone. Hazibebi mzigo wote.

Jambo jingine, plastiki nyembamba inachanika palipotobolewa. Mimi hukata viduara kutoka soli ya slipa kuukuu, ukubwa wa kizibo cha soda, naweka kimoja chini ya kila pini. Tangu nianze, tundu halijapanuka hata moja.

Shikuku wa Kakamega
Hapa mvua ni nyingi, na watu huogopa kutu. Kwa pini, kutu si adui wa haraka. Waya mtupu ukianza kushika kutu unakuwa na ngozi ya kukwaruza, udongo unaikamata. Nimejaribu kuing'oa ya miezi minne, nikatoa na donge la udongo mwekundu limeng'ang'ania mguuni. Iliyopakwa zinki inadumu zaidi lakini ni telezi. Kwa msimu mmoja au miwili nachukua waya mtupu. Kwa kitambaa unachotaka kikae miaka, chukua ya zinki.

Vigingi vya mti nimevitumia pia, na adui wake ni mchwa. Mti laini unaliwa kabla hujavuna. Nimeona mti wa siala ukistahimili, ndiyo maana wazee waliutumia kwa nguzo. Lakini kigingi kina unene, kinatoboa kitambaa tundu la magugu kupitia. Nakipendekeza kwa neti ya kivuli, ambapo unafunga kamba.

Fundi Kutu
Shikuku, nakubaliana nusu. Kutu inashika, sawa. Lakini ukirudi baada ya miaka miwili kutoa kitambaa, pini mtupu inakatikia ndani na unabaki na vipande vikali vilivyojificha. Kwenye kitalu unachopalilia kwa mikono ningelipa zaidi ninunue za zinki.

Mpanda Nyasi, Nakuru
Nijibu swali la mteremko, maana ndiyo kazi yangu. Ukiweka nyasi za kubandika, zilizokatwa pamoja na udongo wake, zipange zikikatisha mteremko, zisishuke nao. Viungo visifuatane, vipishane kama matofali ya ukuta. Kila kipande kipate pini kwenye pembe za juu na moja katikati, vichwa vizame mpaka usivione kwa jicho bali uvisikie kwa kiganja. Mwagilia. Baada ya wiki mbili au tatu inua pembe taratibu. Ikikataa kuinuka, mizizi imeshuka.

Hapo toa pini zote. Ziwe zimehesabiwa! Mimi niliwahi kuweka 60 kwenye bustani ya mteja, nikatoa 59, nikajiambia moja si kitu. Mashine ya kukata nyasi iliipata kabla yangu. Kisu kilipinda, na kipande cha waya kiligonga ukuta hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama kijana wangu. Tangu siku hiyo nafunga utepe mwekundu kwenye kila pini ya nyasi, na pasipo mizigo mizito natumia vijiti vya mwanzi vilivyochongwa, ambavyo vikisahaulika vitaoza.

Kama utapanda vipandikizi, jinsi wengi tunavyopanda nyasi za kikuyu, tandaza magunia ya katani yaliyofumuliwa juu ya mteremko na uyabane kwa pini. Vipandikizi vitapenya, na mvua haitakusombea udongo mpaka barabarani.

Mfugaji wa Molo
Naomba niongeze moja, na ninaomba mlichukue kwa uzito. Ukiwa na ng'ombe, hesabu pini hata za vitalu. Ng'ombe hachagui anachomeza. Kipande cha waya kikiingia na majani kinakaa kwenye tumbo la pili, kinatoboa, na moyo uko jirani kabisa. Nilimpoteza mtamba hivyo. Alisimama mgongo umepinda, viwiko ametanua, hataki kushuka bonde, na sisi tukadhani ni minyoo. Magugu yanayotoka kwenye vitalu vyenye pini simpi mnyama tena.

Kwa neti za kuzuia sakitu (baridi inayogandisha umande), ambazo huku tunazifunua asubuhi na kuzifunika jioni, pini zinachosha. Mifuko mirefu ya mchanga inatosha.

Mama Stroberi, Lanet
Asanteni sana, na Mfugaji pole kwa mtamba wako. Ng'ombe ninao wawili, sikuwa nimewaza hilo.

Nimeamua hivi. Pande ndefu za vitalu nitazifukia kama anavyofanya Nyakwar Kano, kisha pini za geji 8 kila mita moja kuzunguka kitalu chote, miguu ya sentimita 25 kwa ajili ya udongo wetu, zilale kama alivyosema Mkulima wa Njoro. Zitakuwa 88, zote za zinki, idadi imeandikwa mlangoni mwa stoo. Mteremko nitapanda vipandikizi chini ya magunia na vijiti vya mwanzi. Leo asubuhi nimejaribu pini moja kwenye kitalu cha kwanza, nikamwambia kijana aivute kwa kamba. Imesogea kidogo ikasimama. Mpanda Nyasi, hayo magunia yaondolewe nyasi zikishika, au yanaachwa yaoze?

Mpanda Nyasi, Nakuru
Yaache yaoze, mama. Lakini hakikisha ni ya katani. Yale ya plastiki yatanasa kwenye mashine.