Saa ya ukutani ya babu: nitaijuaje asili na thamani yake, na niitunzeje?

Mrithi

Salaam wanajukwaa. Nimerithi kwa marehemu babu saa ya ukutani yenye sanduku la mbao la urefu wa karibu sentimita 90, mlango wa kioo, na pendulamu inayoishia kwenye sahani ya shaba. Uso wake ni mweupe, umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi, na tarakimu ya nne imeandikwa kwa vijiti vinne badala ya IV. Una matundu mawili ya ufunguo. Babu alikuwa akiitia ufunguo kila Jumapili asubuhi, na hakuruhusu mtu mwingine aiguse, mpaka alipougua. Tangu hapo imesimama. Pamoja nayo nimepewa saa ndogo ya mezani ya kengele, ambayo zamani tarakimu zake ziliwaka kijani gizani na sasa haziwaki tena, na sinia linalofanana na la fedha lililogongwa herufi EPNS upande wa chini.

Ndugu yangu mmoja amenishauri niing'oe mashine ya zamani niweke ya betri, nipige mbao msasa na vanishi mpya, na kuing'arisha shaba mpaka iwe kama kioo. Moyo wangu umesita. Naomba mnielekeze namna ya kumtambua mtengenezaji, namna ya kujua thamani yake, na ninachoweza kufanya mwenyewe bila kuharibu.

Fundi Mstaafu

Ndugu Mrithi, pole kwa msiba, na nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kushika msasa. Miaka mingi ya kazi yangu nimeletewa saa ambazo hazikuharibiwa na uzee bali na wiki moja ya usafi, na mbao iliyokwanguliwa hairudishiwi ngozi yake. Kwa hiyo usisugue chochote mpaka uijue saa yenyewe.

Anza na utambuzi. Jina lililoandikwa kwenye uso mara nyingi ni la muuzaji, si la mtengenezaji. Shahidi wa kweli yuko kwenye bamba la nyuma la mashine. Fungua mlango, inyanyue pendulamu taratibu itoke kwenye ndoana yake, kisha mulika nyuma ya mashine kwa tochi na kioo kidogo cha mkononi. Nyota ya ncha nane yenye herufi J katikati ni alama ya Junghans, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1861 huko Schramberg, Ujerumani. Mishale miwili iliyopishana ni ya Hamburg-Amerikanische Uhrenfabrik, pia ya Schramberg. Herufi G na B pamoja na nanga na taji ni za Gustav Becker, aliyeanza kazi mwaka 1847 huko Freiburg katika Silesia, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Świebodzice. Ukikuta namba mbili ndogo zilizotenganishwa kwa mkwaju, kwa mfano 42/105, usidhani ni tarehe: katika saa nyingi za Kijerumani ya kwanza ni urefu wa pendulamu kwa sentimita na ya pili ni idadi ya mapigo kwa dakika. Namba hizo zina faida kubwa pale pendulamu inapokuwa imepotea. Ile tarakimu ya vijiti vinne haikuambii umri wala nchi, kwa maana watengenezaji wengi wameiandika hivyo tangu zamani.

Sasa kuhusu kusimama. Mara nyingi saa ya aina hii haisimami kwa kuharibika, husimama kwa sababu ilihamishwa ikatundikwa upande. Ndani yake kuna kipande cha chuma chenye umbo la nanga ambacho huzuia na kuachia gurudumu la mwisho, jino moja baada ya jingine, na kila jino linapoachiwa ndipo unaposikia mlio. Itundike ukutani imara, isichezecheze, irudishie pendulamu, kisha isukume kwa kidole polepole upande wa kushoto mpaka usikie mlio, upime kwa jicho imefika wapi, halafu ufanye vivyo hivyo kulia. Umbali ukiwa sawa pande zote mbili, mwendo umelingana. Usipolingana, sikio litakuambia, kwa sababu mlio utakuwa wa kuchechemea: tik-tak… tik-tak…, badala ya tik, tak, tik, tak zenye nafasi sawa. Sogeza sehemu ya chini ya sanduku kidogo kushoto au kulia mpaka zilingane. Usishangae pimamaji ikikuonyesha kwamba sanduku limeinama kidogo. Sikiliza mlio kwanza, na ukitaka sanduku lisimame wima kabisa, fundi atarekebisha mkono unaoshika pendulamu.

Kutia ufunguo hakuhitaji nguvu. Zungusha mpaka ufunguo ukatae, kisha uurudishe taratibu ukiwa bado umeushika mpaka uhisi umepumzika kwenye kizuizi. Usiuachie ghafla, kwani kamani (springi ya chuma inayoendesha saa) iliyojaa inaweza kukuvunja kidole. Na kwa sababu hiyo hiyo usifungue skrubu yoyote ya mashine kamani ikiwa na nguvu ndani yake. Akrabu ya dakika ipeleke mbele tu, na kila inapofika mahali pa kugonga, subiri imalize kugonga ndipo uendelee.

Mafuta ndipo wengi wanapokosea. Mafuta ya kupikia huganda, na yale ya kupuliza kwenye kopo hukauka yakaacha utando unaonata. Saa hutaka mafuta yake maalumu, tone dogo la ncha ya sindano, kwenye vijishimo vya ncha za mihimili, yaani vyuma vinavyobeba magurudumu. Meno ya magurudumu hayatiwi mafuta kamwe, kwa sababu mafuta hushika vumbi, na vumbi lenye mafuta husaga shaba kama msasa. Ukiona duara jeusi kuzunguka mhimili, au tundu ambalo limekuwa la yai badala ya la mviringo, usiongeze tone lolote: mashine inahitaji kufunguliwa, kuoshwa na kutiwa bushi, yaani kipete kipya kwenye tundu lililopanuka, na mtu anayeifahamu kazi hiyo.

Mpima Thamani

Fundi amesema kweli, nami naongeza upande wa thamani. Umri peke yake haupandishi bei. Viwanda vya Ujerumani na Marekani vilitoa saa kwa wingi mno katika karne ya 19, na saa ya miaka 130 inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Kinachotafutwa ni saa ambayo haijabadilishwa: mashine, uso, pendulamu na sanduku vilivyotoka kiwandani pamoja. Kagua ubao wa nyuma ndani ya sanduku. Matundu ya skrubu yasiyo na kazi, au kivuli cha mbao yenye rangi isiyokolea mahali ambapo kitu kingine kiliwahi kukaa, huonyesha kwamba mashine hii ilihamishiwa hapa kutoka sanduku lingine. Tazama pia kama matundu ya ufunguo kwenye uso yako sawasawa mbele ya mihimili yake. Karatasi yoyote iliyobandikwa ndani, hata iwe imechakaa, iache ilivyo.

Ukikuta jina la nchi limeandikwa, litakusaidia kukadiria wakati. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za nje zionyeshe nchi zilikotoka, na Uingereza ilikuwa na sheria yake ya alama za bidhaa tangu 1887. Hata hivyo, kukosekana kwa jina la nchi si ushahidi kwamba saa ni ya kabla ya hapo, kwa kuwa huenda iliuzwa mahali ambapo sheria hizo hazikufika.

Unapotafuta bei, angalia vitu vinavyofanana na chako vilivyokwisha kuuzwa mnadani, wala si bei wanazotamani wauzaji. Tena mweleze mpimaji ni thamani ipi unayoitaka, maana ya bima hukadiria gharama ya kupata nyingine kama hiyo na kwa kawaida huwa juu, ilhali ya mnada hupunguzwa na ada ya dalali. Kuweka mashine ya betri kungeondoa sehemu kubwa ya thamani hiyo kwa siku moja.

Mlinzi wa Kabati

Kuhusu sinia: EPNS si fedha halisi. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha juu yake kwa umeme, ufundi ambao Elkington wa Uingereza walipata hataza yake mwaka 1840. Fedha ya kweli ya kiwango cha kawaida huwa na sehemu 925 kati ya 1,000. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ulikaushe mara moja, na usilisugue kila wiki, kwa sababu tabaka lile ni jembamba na likiisha huonekana rangi ya manjano chini yake.

Ile saa ndogo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Tarakimu za kuwaka za nusu ya kwanza ya karne ya 20 mara nyingi zilipakwa rangi yenye radi (radium, metali yenye mnururisho, si radi ya mvua). Kutowaka kwake leo hakumaanishi kwamba sumu imekwisha: kilichochakaa ni kemikali inayotoa mwanga, ilhali radi yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Tafadhali usiifungue kioo, usikwangue tarakimu, na usimpe mtoto aichezee. Iweke nyuma ya kioo cha kabati, mbali na kitanda.

Mrithi

Nawashukuru sana. Nimefuata maelekezo hatua kwa hatua. Kwenye bamba la nyuma nimeona GB, nanga na taji, na namba ya tarakimu sita inayoanza na 8. Ubao wa nyuma hauna tundu la ziada. Nilipoisogeza sehemu ya chini kulia kwa upana wa kucha, mlio ukalingana, na imekwenda siku tatu bila kusimama, ila inachelewa kama dakika tatu kila siku. Kitu kingine kimenigusa: pembeni mwa bamba pamekwaruzwa kwa ncha kali herufi mbili na 11/1931. Je, hiyo ndiyo tarehe ya kutengenezwa?

Fundi Mstaafu

Hapana, hiyo ni alama ya fundi mwenzangu aliyeihudumia mwaka 1931. Mafundi wengi waliweka kumbukumbu hivyo. Namba za Becker zilifika 100,000 mwaka 1875 na 1,000,000 mwaka 1892, kwa hiyo saa yako imetoka kati ya miaka hiyo, karibu zaidi na ule wa mwisho.

Kuchelewa kusikutishe. Chini ya sahani ya pendulamu kuna nati. Ikaze ili sahani ipande, nayo saa itaongeza mwendo. Tangu Christiaan Huygens alipobuni saa ya pendulamu mwaka 1656, urefu ndio unaotawala mwendo: kwenye pendulamu ya karibu sentimita 25, milimita moja tu ni karibu dakika tatu kwa siku, na kwenye ya karibu mita moja ni sekunde 43. Yako iko katikati, kwa hiyo pandisha chini ya milimita mbili, kisha uiache siku nzima kabla ya kuigusa tena.

Utakapompelekea fundi kuiosha, mwombe asikwaruze bamba. Aandike tarehe na kazi aliyoifanya kwenye karatasi, nawe uihifadhi ndani ya sanduku, chini ya pendulamu, mahali isipoigusa.