Msimtwishe mvuta sigara mzigo wote wa moto wa King's Cross

Wanajamvi, nimechoshwa na makala zinazosimulia historia ya kituo cha King's Cross St. Pancras, London, kama fahari tupu: reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani mwaka 1863, njia mpya zikaongezwa, kisha, kwa sentensi moja tu, abiria fulani akadondosha njiti ya kiberiti tarehe 18 Novemba 1987 na watu 31 wakafa. Lawama yote anabebeshwa mtu asiye na jina, huku waliolipwa mshahara kulinda usalama wa kituo wakipita salama salimini.

Njiti hiyo iliangukia wapi? Ilipenya kwenye mwanya wa pembeni mwa ngazi za umeme, tena za mbao, ikatua juu ya grisi iliyogandamana na vumbi na karatasi, uchafu ambao uchunguzi rasmi wa moto huo, ulioongozwa na wakili Desmond Fennell, ulibaini kwamba haukuwahi kuondolewa wote tangu ngazi hizo zijengwe! Sigara zilikuwa zimepigwa marufuku humo tangu 1985, lakini watu waliendelea kuziwasha wakiwa ngazini kuelekea nje. Mitambo ya kunyunyizia maji ilikuwapo chini ya ngazi, na hakuna aliyeifungulia.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Njia za treni za chini ya ardhi zipitazo kituoni hapo, Piccadilly (1906), Northern (1907) na Victoria (1968), zilijengwa kwa nyakati tofauti, lakini abiria wake walitokea kwenye ukumbi mmoja wa tiketi, nao ukiwa chini ya barabara. Ngazi za Piccadilly ziliposhika moto, waliokuwa chini walielekezwa wapandie ngazi za Victoria, yaani waende kwenye ukumbi uleule ambao moto ulikuwa unaufuata. Miali ililala ndani ya mfereji wa ngazi badala ya kupanda wima, ikakimbia kwenda juu, na ilipofika saa 1:45 usiku ikafumuka ukumbini kwa mkupuo. Colin Townsley, ofisa wa zimamoto kutoka Soho aliyekwenda kuokoa watu, alifia humo.

Ripoti ya Fennell, iliyotolewa mwaka 1988, ina mapendekezo 157, na mengi yanawahusu wenye dhamana: usafi, mafunzo ya wafanyakazi, mawasiliano, kuondoa mbao. Anayetaka kutuandikia tena historia ya kituo hiki aisome kwanza, kisha atueleze ni nani aliyeuacha uchafu ule ukae miaka yote hiyo.