Tenda za serikali za kubadilisha mifumo ya kompyuta: nianzie wapi?

Kutoka: Silver Spring, Maryland

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za wiki.

Naomba mwongozo. Nimefanya kazi ya kuhamisha data na kusimamia seva kwenye kampuni za watu kwa miaka kadhaa, na sasa nimefungua kampuni yangu ndogo (LLC). Nataka kuingia kwenye tenda za serikali kuu ya Marekani, hizi za kuachana na mifumo ya zamani. Nimejisajili SAM.gov, tovuti ya serikali ya kusajili wakandarasi na kutangaza tenda, na hata wiki haijaisha nikapata barua pepe yenye nembo ya tai: eti usajili wangu una kasoro, nilipe dola mia sita la sivyo utafutwa. Nilipe? Na baada ya usajili kinafuata nini? Maana simu haijalia hata mara moja.

---

Kutoka: Manassas, Virginia

Marahaba mdogo wangu. Usilipe hata senti. Kujisajili SAM.gov ni bure, kuhuisha kila mwaka ni bure, na namba ya utambulisho wa kampuni, UEI, yenye herufi na tarakimu 12, iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS Aprili 2022, nayo ni bure. Wamekupata haraka kwa sababu taarifa za kampuni zilizosajiliwa huonekana hadharani, na wapo watu ambao kazi yao ni kuzivuna. Tazama anwani ya aliyetuma. Kama haiishii na .gov, futa. Ukikwama kweli, dawati la msaada la FSD.gov halitozi kitu. Inaniuma kuona watu wetu wanaendelea kutoa hela hizi.

Sasa hiyo simu. Usajili unakupa haki ya kushindana na kulipwa, basi. Hakuna ofisa anayeshinda akipekua kampuni mpya.

Kazi ipo, tena nyingi. Serikali kuu hutumia zaidi ya dola bilioni 100 kwa mwaka kwenye teknolojia ya habari, na takriban asilimia 80 huishia kuendesha na kutunza mifumo iliyopo. Mwaka 2019 wakaguzi wa Bunge, GAO, walitaja mifumo 10 iliyohitaji kubadilishwa kuliko yote. Umri wake ulikuwa kati ya miaka 8 na 51, na mingine ilikuwa bado inategemea COBOL, lugha ya zamani ya kuandikia programu. Faili kuu la walipakodi binafsi kule IRS, mamlaka ya kodi, lina asili ya miaka ya 1960. Ndiyo maana mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Technology Modernization Fund, mfuko wa kugharimia mifumo mipya, ambao ulipata dola bilioni 1 mwaka 2021.

Lakini kazi za namna hiyo hapewi mtu aliyeanza jana. Nyingi hupitia kandarasi mama kama Alliant 2, 8(a) STARS III au NASA SEWP. Serikali huchagua kundi la kampuni kwanza, kisha oda zinagombewa humo humo. Usipokuwa ndani, oda nyingine hata hutaziona zikitangazwa. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usianze kama mkandarasi mkuu. Ingia chini ya kampuni iliyokwisha kuwa ndani, ukiwa na ujuzi mmoja mwembamba ambao wao hawana. Kampuni kubwa ikichukua kandarasi kubwa hutakiwa kuwa na mpango wa kugawia kampuni ndogo sehemu ya kazi, kwa hiyo nao wanatafuta watu kama wewe.

Kwako naona ni kuhamisha data. Usiandike "tunatoa huduma zote za IT", maana hilo kila mtu anaandika. Andika kwamba unajua kufungua hifadhidata ya zamani ambayo mwaka umehifadhiwa kwa tarakimu mbili na majina ya ukoo yamekatwa kwa sababu nafasi ilikwisha, ukaisafisha, ukaihamisha, kisha ukaonyesha kwamba rekodi zilizotoka ndizo zilizofika, moja baada ya nyingine. Meneja aliyewahi kupoteza rekodi za watu atakuelewa hapo hapo. Yote yatoshe ukurasa mmoja, pamoja na UEI na namba za NAICS, zile za kutambulisha aina ya biashara: 541511 na 541512.

Halafu kila Jumatatu fungua SAM.gov, chuja kwa namba hizo, usome matangazo ya "Sources Sought". Hiyo bado si tenda. Ni ofisi inayouliza nani anaweza kazi fulani kabla haijaamua itangaze vipi. Utaona tarehe ya mwisho, mahali pa kazi, na jina la ofisa wa manunuzi na barua pepe yake. Jibu hata kama hutashinda. Majibu ya kampuni ndogo yakiwa mengi na mazuri, ofisi inaweza kuitenga kazi hiyo kwa kampuni ndogo peke yao.

---

Kutoka: Columbus, Ohio

Habari zenu. Asante sana kaka. Niongeze mambo ya vyeti na pesa, kwa kuwa mimi niko upande wa hesabu.

Waliotoka Kenya wanaijua AGPO, asilimia 30 ya tenda za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Huku lengo la jumla kwa kampuni ndogo ni asilimia 23 ya fedha za kandarasi kuu. Kwa 541512, kampuni ni ndogo kama wastani wa mapato yake kwa mwaka hauzidi dola milioni 34, kwa hiyo dada uko ndani bila wasiwasi. Ila vyeti vya 8(a) (cha wamiliki waliokosa fursa kijamii na kiuchumi), HUBZone (cha kampuni za maeneo yaliyo nyuma kiuchumi) na kile cha kampuni za wanawake vinataka mmiliki awe raia wa Marekani. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kujisajili na kuomba kazi kama kampuni ndogo ya kawaida. Na 8(a), tangu hukumu ya mahakama ya Julai 2023, rangi peke yake haitoshi tena.

Pesa sasa. Serikali hulipa, kawaida ndani ya siku 30 baada ya ankara sahihi. Lakini wewe ukiwa chini ya mtu, unasubiri yeye alipwe kwanza, na mishahara yako haisubiri. Soma kifungu cha malipo kabla ya kusaini, ukatae "utalipwa nitakapolipwa" kisicho na kikomo. Tena mwaka 2025 serikali kuu ilifunga shughuli zake nyingi kwa siku 43, kuanzia Oktoba 1, kwa kukosa bajeti. Usiajiri kabla hujawa na akiba ya mishahara ya miezi mitatu.

---

Kutoka: Silver Spring, Maryland

Asanteni mno, Mungu awabariki. Swali moja la mwisho. Kuna jamaa ana cheti cha 8(a) lakini hana wafanyakazi. Anasema tuombe kwa jina lake, kazi yote nifanye mimi, yeye achukue asilimia kumi.

---

Kutoka: Manassas, Virginia

Kataa, na ukatae kwa maandishi. Kwenye kazi za huduma zilizotengwa, mkandarasi mkuu haruhusiwi kulipa zaidi ya asilimia 50 ya fedha kwa kampuni nyingine zisizo na hadhi kama yake. Anachotaka ni kukufanya wewe uwe kampuni na yeye awe pazia. Hilo ni udanganyifu dhidi ya serikali, na watu wamefungwa kwa ajili yake.

Badala yake nenda APEX Accelerator ya Maryland, kituo cha kusaidia kampuni zinazotafuta tenda za serikali. Ushauri wao ni bure, na watakusomea andiko lako. Jisajili pia eMMA, ambako jimbo hutangaza tenda zake na kuna kazi zinazotengwa kwa biashara ndogo. Huko unaweza kupata kazi ya kwanza ya kuonyesha. Nitumie huo ukurasa mmoja kabla ya Ijumaa, niupitie na shemeji yako. Yeye amewahi kukaa upande wa manunuzi.