Askari wa akiba: siku zake zihesabiwe kwenye masomo au zisihesabiwe?

Mleta mada:
Wakuu, habari za jioni. Wengi humu tuna vijana wetu Marekani walioingia jeshini baada ya kupata kadi ya kijani. Wapo walioipenda kazi, lakini tusifichane, wengi walifuata shule.

Tangu 2009 sheria ya huko inampa aliyelitumikia jeshi hadi miezi 36 ya masomo: ada, posho ya nyumba na hela ya vitabu. Ukitumikia muda wote kwa miezi 36 unapata asilimia 100. Ukiwa na siku 90 unapata nusu. Ugomvi uko kwenye siku gani zinahesabiwa.

Askari wa akiba huvaa magwanda wikiendi moja kila mwezi na wiki mbili kila mwaka. Siku hizo za mazoezi hazihesabiwi. Mpwa wangu ana miaka sita kwenye akiba. Ameumia goti mazoezini, amelala kwenye matope, amefokewa na masajenti kama wenzake wote. Alipokwenda kuomba masomo akaambiwa stahili yake ni posho ya askari wa akiba, isiyofika dola 500 kwa mwezi. Aliyemwandikisha hakuwahi kumfafanulia hilo.

Mimi nasema siku uliyovaa sare kwa amri na serikali ikakulipa, ihesabiwe. Januari 2022 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa namna hiyo kwa kura 287 dhidi ya 135, lakini haukufika kuwa sheria. Karibuni, nipingeni kwa hoja.

Fundi Mitambo:
Mkuu, pole na kijana, ila hapa sikuungi mkono. Nimetumika miaka minne muda wote. Baba alizikwa sipo. Mwanangu alianza kutembea nikimwangalia kwenye simu. Mpwa wako Jumatatu anarudi kwenye kazi yake na usiku analala kwake. Wakipewa haki hii kwa wikiendi, nani atasaini kwenda mbali miaka minne? Hata mimi, ili nimrithishe mtoto masomo yangu, nilitakiwa niwe na miaka sita kazini na niahidi minne mingine.

Mleta mada:
Pole sana kwa mzee, ndugu yangu. Lakini sijasema mlingane. Piga hesabu: wikiendi 12 ni siku 24, ongeza wiki mbili, zinakuwa 38 kwa mwaka. Kwa miaka sita ni siku 228. Kwa ngazi zilizopo tayari kwenye sheria, huyo angepata asilimia 60, na wewe ungebaki na 100 yako. Hakuna anayekunyang'anya.

Na hata wanapoitwa kazini kweli, tazameni kilichotokea 2020. Wakati wa korona zaidi ya askari 40,000 wa National Guard, yaani askari wa akiba wa majimbo, waliitwa, wakapima watu na kugawa chakula. Amri ilipangwa kukoma Juni 24, ambayo kwa wengi wao ingekuwa siku ya 89. Siku moja kabla ya 90! Kelele zilipopigwa ndipo muda ukaongezwa. Hilo lilinikera kuliko yote.

Mama Neema:
Mnabishania wikiendi, na aliyekwenda vitani kabisa naye anaachwa nje. Masomo haya yanadai uwe umeondoka jeshini kwa heshima kamili. Karatasi ikiandikwa "ya jumla, chini ya masharti ya heshima", hospitali za askari wastaafu atatibiwa, darasani haingii. Kijana anarudi Afghanistan kichwa kimevurugika, halali usiku, anakutwa na bangi, anatolewa. Alizikosa sherehe na misiba ya kwao kama wewe, Fundi. Kwa kipimo chako mwenyewe, huyu alishalipa.

Fundi Mitambo:
Mama, hapo umenishika. Nilikuwa na mwenzangu wa hivyo hivyo. Karatasi yake ilisainiwa kabla hajaonana na daktari wa akili hata mara moja. Huyo apewe, tena bila kuombaomba.

La siku 89 nalo nimelisikia leo. Mtu akiitwa kwenye dharura, zihesabiwe siku kwa siku, hata ziwe kumi, kizingiti cha 90 kiondoke. Goti la mpwa wako litibiwe na alipwe fidia. Lakini wikiendi za mazoezi, mkuu, bado sijakubali.