Hatshepsut kwa watoto wa miaka 8 hadi 10: nianzie wapi?

Mlezi wa Klabu, Kondele
Hamjambo wadau. Nina watoto 20, Jumamosi mbili, dakika 90 kila kikao. Nataka wamjue Hatshepsut, mwanamke aliyetawala Misri ya kale kama Firauni, na kila mtoto aandike jina lake mwenyewe kwa maandishi ya Misri hiyo kwenye kibao cha udongo. Mambo mawili yananikwaza: neno "Firauni" wanalijua kama jina la mtu mmoja mwovu, na vibao vya udongo wa Kano vinapasuka kabla ya kikao cha pili.

Mwalimu wa Historia, Milimani
Dada, anza na neno lenyewe. Asili yake ni Kimisri, "nyumba kubwa", yaani jumba la mfalme. Baadaye likawa mfalme mwenyewe. Mtoto wa Kenya ataelewa upesi, maana husikia redioni "Ikulu imesema" na anajua jengo halisemi.

Kisha toka nao uwanjani na kamba ya mita 50, sentimita 1 kwa kila mwaka. Fundo la Uhuru, 1963, litakuwa sentimita sitini na kitu kutoka ncha ya leo. Fort Jesus, 1593, mita 4 na ushei. Kleopatra mita 20 na nusu hivi. Hatshepsut, aliyeshika utawala karibu 1479 KK, yuko mita 35. Piramidi kuu ya Giza iko mbele yake mita 10 zaidi! Hapo wataona wenyewe kwamba Kleopatra yuko karibu na sisi kuliko na piramidi. Kosa la kawaida ni kulifunga fundo la 1479 KK jirani na la Fort Jesus. Mwaka wa KK hujumlishwa na mwaka wa leo.

Tafadhali usimfanye mama wa kambo mbaya aliyelipiziwa kisasi. Thutmose III, mwanawe wa kambo, aliamuru sanamu na majina ya Hatshepsut yafutwe miaka kama 20 hivi baada ya mama huyo kufa. Hasira haingoji hivyo. Na ndevu wakiziuliza: zilikuwa za bandia, vazi la ufalme, hata wafalme wanaume walizifunga kidevuni.

Mfinyanzi, Ahero
Udongo mweusi wa Kano huvimba ukilowa na kusinyaa sana ukikauka, ndiyo maana unapasuka. Tumia wa kichuguu: ponda, chekecha, changanya sehemu 4 na sehemu 1 ya mchanga laini. Kanda dakika 10 hewa itoke. Unene sentimita 1 na nusu. Chora kwa kijiti kidole gumba kisipozama tena. Usiku wa kwanza funika kwa kitambaa chenye unyevu, kisha weka kivulini siku 4, ukigeuza asubuhi na jioni. Juani kingo hukauka kabla ya katikati, kibao kinapinda na kupasuka.

Msomaji wa Maandishi ya Kale, Nakuru
Jina la mfalme lilizungushiwa kitanzi cha kamba, kartushi. Akinyi achore picha hizi kwa sauti za jina lake: tumbusi, kikapu chenye mkono, tete moja, wimbi la maji, matete mawili. Otieno atauliza O iko wapi. Haipo, Wamisri hawakuandika irabu kama sisi. Mpe alama ya kifaranga cha kwale. Wanyama wakitazama kushoto, soma kutoka kushoto.

Kikao cha pili kipe safari aliyoituma Hatshepsut kwenda nchi ya Punt, iliyochongwa kwenye hekalu lake la Deir el-Bahari: merikebu 5, na miche 31 ya ubani na manemane ikibebwa vikapuni na mizizi yake. Wape miche ya kubeba kwa mti mabegani, wawili wawili.

Mlezi wa Klabu, Kondele
Asanteni sana. Naweza kuwaambia kwamba mafuriko yaliyolisha Misri yalitoka Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria?

Mwalimu wa Historia, Milimani
Hapana, dada. Maji ya ziwa letu hufika Misri kupitia Jinja, lakini mengi hupotelea kwenye vinamasi vya Sudan Kusini. Mafuriko yalitokana na mvua za Ethiopia, kupitia Nili ya Buluu na Atbara. Ziwa lilisaidia mto usikauke miezi ya kiangazi.