Naenda Ujerumani mara ya kwanza nikitokea Kigoma, naombeni ushauri wa maandalizi

Mgebuka Mkavu (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Ni mkazi wa Kigoma mjini, nafanya biashara ya dagaa na migebuka pale Kibirizi. Dada yangu wa tumbo moja ameolewa Ujerumani, upande wa Bremen. Amejifungua mtoto wa kwanza, kaniita nikamwone mpwa wangu. Mungu akijalia naondoka katikati ya Novemba, narudi tarehe 10 Januari.

Pasipoti ninayo, mwaliko ninao, akaunti iko vizuri. Miadi ya ubalozini imekaribia. Sijawahi kupanda ndege hata ya kwenda Dar, kwa hiyo roho juu juu, usingizi wenyewe napata wa kuibia.

Naomba kujua: nimenunua koti la mtumba pale Mwanga, zito, lina manyoya ndani, 35,000. Linatosha? Mwezi wa tatu kule baridi inakuwa imeisha au bado? Dagaa naruhusiwa kilo ngapi, na mawese je? Matusi sitaki, asiyejua apite kimya kimya.

Mnyamwezi wa Isevya

Hongera mkuu. Hilo koti linarudi kwao, likifika litaanza kusalimiana na ndugu zake.

Ubalozi wa Ujerumani uko Umoja House, Garden Avenue na Mtaa wa Mirambo. Mnaona wenyewe: mtu wa Kigoma hafiki Ulaya bila kupita kwa mtemi wetu. Ukifika hapo sema Tabora hawajambo.

Mtumbwi wa Pili

Unauliza kilo za dagaa? Wajerumani walijenga meli nzima kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaileta kwa meli hadi Dar, wakaipandisha reli, wakaja kuiunga upya Kigoma, na 1915 ikaelea ziwani. Ndiyo MV Liemba hiyo. Wewe unababaika na kiroba kimoja?

Mzee wa Gungu

Mwanangu, Ulaya sijafika na sidhani kama nitafika, ila safari naijua. Enzi hizo tukipeleka dagaa Dar kwa treni, unalala juu ya magunia yako, maana ukishuka Tabora kununua asali unarudi unakuta gunia limepungua na fundo limefungwa vilevile ulivyofunga wewe. Kuna bwana mmoja tulikuwa naye behewa moja alishona hela ndani ya kola ya shati. Kufika Dodoma akapatwa na joto, akalivua akalitundika dirishani. Treni ikatoka. Mpaka leo tukikutana msikitini simuulizi habari za shati.

Kwa hiyo vaa hela mwilini.

Mama Zawadi Hamburg

Kaka karibu. Nipo huku muda mrefu, nakujibu ulichouliza kisha nami nakuuliza.

Koti sawa, lakini kinachoua ni miguu. Nunua viatu huku huku, vyenye soli nene visivyopitisha maji, na saizi uzidishe moja upate nafasi ya soksi nzito. Kofia na glavu usidharau. Desemba saa kumi jioni giza linaanza kuingia, usije ukadhani saa yako imeharibika.

Samaki mkavu kwa matumizi yako unaruhusiwa hadi kilo 20, dagaa hawana shida. Wafunge mifuko miwili mitatu, kwa heshima ya abiria wenzako. Nyama na vitu vya maziwa usijaribu, hata kipande cha nyama kavu wanakichukua. Ndizi, nanasi na nazi zinapita bila karatasi, ila embe linataka cheti cha afya ya mimea. Mawese weka kwenye begi la kupakia chini. Mkononi kimiminika ni mililita 100 kwa chombo. Na uyafunge kweli kweli, mimi yalinimwagikia, nikavaa nguo za rangi ya machungwa msimu mzima, majirani wakadhani ni mtindo.

Jumapili maduka yamefungwa. Chupa tupu ya plastiki usitupe, dukani inakurudishia senti 25. Kwenye treni za mjini hakuna geti, lakini ukikamatwa huna tiketi ni euro 60 na hawasikilizi hadithi.

Sasa niambie: mwenyeji wako amekusainia hati ya dhamana, ile ya kukubali kubeba gharama zako? Bima umekata?

Mgebuka Mkavu

Asante sana dada, Mungu akubariki. Suala la viatu sikuliwaza kabisa. Bima nimekata, ile ya kuanzia euro 30,000 wanayotaka. Na tiketi nimeshalipia, ya kwenda na kurudi kupitia Addis.

Fundi Redio

Ngoja. Tiketi umelipia kabla ya viza?

Mgebuka Mkavu

Bei ilikuwa nzuri mkuu. Ningechelewa ingepanda.

Fundi Redio

Ubalozini wanataka uwaonyeshe umeshika nafasi, hawakulazimishi ulipe. Inarudishwa pesa hiyo tiketi?

Mgebuka Mkavu

Hairudishwi. Ila viza nitapata, sioni sababu ya kunyimwa.

Binti Buhigwe

Binamu yangu naye hakuona sababu. Alirudishiwa pasipoti na karatasi yenye viboksi, kimewekewa alama kile kinachosema wana mashaka kama ataondoka kabla viza haijaisha. Ada euro 90, ndiyo laki mbili na ushee hiyo, haikurudi. Akakaa ndani wiki nzima hataki kuonana na watu. Sasa hivi anauza chipsi Mwandiga, ana vijana wawili anawalipa, na juzi kanunua pikipiki. Sijui kwa nini nimeandika haya, ila ndiyo hivyo.

Jicho Kali

Mleta mada, umesema akaunti iko vizuri. Vizuri kiasi gani, na tangu lini? Wanaangalia miezi ya nyuma, si salio la leo tu.

Mgebuka Mkavu

Iko milioni tisa na kidogo. Ni hela za biashara. Mimi nimeuliza koti na dagaa, naomba tusitoke nje ya mada.

Jicho Kali

Nje ya mada wapi? Mwezi wa sita ilikuwa na ngapi?

Mgebuka Mkavu

Ilikuwa kama laki sita.

Fundi Redio

Hapo umeinenepesha, na wao wanajua sura ya akaunti iliyonenepeshwa. Laki sita, laki sita, laki tano na nusu, halafu ghafla milioni tisa siku ishirini kabla ya miadi. Afisa hatakuuliza mengi, atauliza moja tu: hizi zimetoka wapi. Una karatasi ya kuonyesha?

Mgebuka Mkavu

Sawa, naweka wazi maana nyie hamuachi. Mimi ni mhazini wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Hela ni ya kikundi, nimeipitisha kwangu mpaka viza itoke, halafu inarudi yote hata shilingi haijapungua. Sijaiba. Sijaigusa. Imekaa tu. Kuna watu wanakopa kwa mtu wa riba kwa shughuli hii hii, mimi nimeepuka riba. Sasa sijui kosa langu liko wapi.

Ustadhi wa Ujiji

Ndugu yangu, mali ya watu ni amana. Kutokuigusa si hoja. Hoja ni kwamba wenyewe hawajui ilipo. Umewauliza?

Mgebuka Mkavu

Mwenyekiti ana fununu.

Mnyamwezi wa Isevya

"Ana fununu" 😂😂 Mwenyekiti wa Kigoma huyo. Huku Tabora angekuwa ana panga.

Mama Dagaa

Hongera kwa kupata mpwa. Kikundi gani hicho kaka? Kibirizi vipo vingi.

Mgebuka Mkavu

Kidogo tu dada, hukijui.

Mzee wa Gungu

Mambo ya mhazini yamenikumbusha chama chetu cha ushirika, lakini hiyo ni ndefu, nitaileta usiku nikishakula.

Jicho Kali

Jamani, kabla hatujaendelea kumwaga ushauri, mimi naona hii ni chai. Tena chai isiyo na tangawizi. Nawapa sababu.

Kwanza, vikundi vya namna hii sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, na linafunguliwa mbele ya kikao. Mhazini anashika sanduku, hashiki funguo zote. Milioni tisa zimetokaje?

Pili, Mama Zawadi kamuuliza hati ya dhamana, kajibu habari za bima na tiketi. Kama shemeji Mjerumani kasaini ile hati, gharama zote ziko juu ya shemeji, huyu hana haja ya kukopa hata senti kuonyesha benki. Kwa hiyo ama hakuna shemeji, ama hakuna hela.

Tatu, anarudi tarehe 10 Januari, lakini anauliza baridi ya mwezi wa tatu. Ya nini?

Mtu kakaa zake Sinza anatunga, sisi tunamhesabia kilo za dagaa.

Mtumbwi wa Pili

Eh. La mwezi wa tatu mimi lilinipita kabisa.

Binti Buhigwe

Nimetoa siri za binamu yangu bure.

Fundi Redio

Mleta mada aweke hapa ukurasa wa pasipoti, afiche jina na namba. Au basi atuambie Kibirizi dagaa beseni bei gani leo.

Mgebuka Mkavu

Pasipoti siweki mtandaoni, hata nyie msingeweka. Na bei ya dagaa inategemea mwezi ukoje angani. Kukiwa na mbalamwezi wavuvi wa taa hawapati kitu, beseni linapanda. Mtu wa Sinza angelijua hilo?

Kuhusu sanduku: hela ilipozidi tukaogopa wezi, tukakubaliana ikae kwa mhazini kwenye simu. Kufuli zipo lakini ndani kuna daftari na muhuri tu.

Kuhusu shemeji: yupo. Hajasaini. Dada ndiye kaandika barua ya mwaliko kwa mkono wake.

Mama Zawadi Hamburg

Kaka, kwa nini shemeji hajasaini?

Mgebuka Mkavu

Anasema akisaini atadaiwa yeye nikipata tatizo.

Mama Zawadi Hamburg

Ni kweli atadaiwa. Ile hati inakwenda kusainiwa ofisi ya wageni, wanaangalia mshahara wake, na ikishasainiwa deni lolote la serikali juu yako linamfuata yeye, hadi miaka mitano. Mume wangu alimsainia mama yangu bila kusita, kwa sababu mama alishasema akikaa zaidi ya mwezi kuku wake watakufa. Hakuna mtu huku anayeogopa kumsainia mgeni anayejulikana atarudi. Shemeji yako kasikia nini?

Mgebuka Mkavu

Dada alisema tu kwamba nikifika tutaona. Kuna ghala jirani na kwao wanatafuta watu wa kupanga mizigo. Sijasema nitabaki. Nimesema tutaona. Hapa natoka ziwani asubuhi nina elfu kumi, mtu ana haki ya kuona.

Mama Zawadi Hamburg

Viza ya matembezi haikupi ruhusa ya kazi, na huwezi kuigeuza ya kazi ukiwa huku, utaambiwa rudi ukaombe kwenu. Mwisho ni siku 90 ndani ya siku 180. Tena tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya mpakani, unaingia wanachukua alama za vidole na sura, unatoka wanachukua, kwa hiyo aliyepitiliza kompyuta yenyewe inamtaja. Nimeishi na dada mmoja asiye na karatasi. Kila kengele ya mlango ikilia alikuwa anazima taa ya jikoni na kukaa chini ya meza, hata akiwa amealika mtu mwenyewe. Baadaye akaumwa jino akashindwa kwenda hospitali, tukawa tunamsagia vitunguu saumu. Niulize nini kilitokea kwa lile jino.

Ustadhi wa Ujiji

Kwa hiyo hela ya kikundi ingerudishwa na nani, na mtu yuko chini ya meza?

Mgebuka Mkavu

Nimeshasema inarudi KABLA sijaondoka. Someni vizuri.

Jicho Kali

Chai ile ile, sasa ameongeza sukari.

Mama Dagaa

Samahani nauliza taratibu. Hicho kikundi kinakaa Jumapili saa kumi, nyuma ya ghala la magunia? Na kinavunjwa, watu wagawane hela zao, Desemba tarehe 20? Maana mhazini wetu wiki iliyopita alitutangazia anakwenda Dar kutibiwa mgongo, tukamchangia elfu mbili mbili. Na mdogo wake wa kike nimesoma naye, ameolewa Ujerumani.

Mnyamwezi wa Isevya

Uwiiii.

Fundi Redio

Jicho Kali, njoo ufute ya Sinza.

Mgebuka Mkavu

Dada, dunia ina watu wengi wenye dada Ujerumani. Njoo inboksi tuelewane.

Mtumbwi wa Pili

Usiende inboksi Mama Dagaa! Malizieni hapa hapa, tumekaa.

Mama Dagaa

Inboksi sijui iko wapi. Kesho saa kumi kikao, njoo na daftari na simu yenye hela. Mwenyekiti nimeshampigia, anasema yeye fununu hana.